Gitaa la Mtu Aliye Hai

Tangu baba yangu apooze upande wa kulia, watu wa mtaa wetu wamekuwa wakimtaja kwa "alikuwa". Alikuwa fundi wa gitaa. Alikuwa mcheshi. Alikuwa hapendi sombe, yale majani ya muhogo, bila mawese. Hayo wanayasema sebuleni kwangu, wamekaa kwenye viti vyangu, wanatafuna karanga zangu, na huyo wanayemwita "alikuwa" ameketi mita mbili kutoka kwao, macho wazi, masikio mazima, anawasikiliza. Mwanzoni nilidhani ulimi umeteleza tu. Lakini ulimi hauwezi kuteleza kila siku mahali pale pale, na mwishowe nikaacha kuwatetea.

Tunaishi Kasha, huku mwisho wa Bagira, mimi na Papa, ndivyo ninavyomwita baba, peke yetu. Mama alitangulia zamani. Mimi ni mwalimu wa maternele: nawafundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano kuimba, kunawa mikono na kutokula chaki, na saa sita mchana ninakuwa nimerudi nyumbani. Papa alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, na hapa "alikuwa" ni halali, kwa sababu amestaafu. Jioni na siku za mapumziko alipiga gitaa la umeme, kwanza katika orkestra ya hoteli moja mjini, kisha katika kwaya ya parokia. Huko alidumu sana, hata akawapigia harusi watu aliokuwa amewapigia kwenye ubatizo wao.

Jumapili moja aliinama kufunga kamba za viatu aende misa, hakuinuka. Alipotoka hospitali, mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na ulimi umekuwa mzito. Si kwamba hasemi. Anasema. Neno linakuja polepole kama maji ya bomba letu: ukitega ndoo na ukawa na subira, itajaa. Ila watu hawana subira. Papa akifungua kinywa, mgeni anammalizia sentensi, na anaimalizia vibaya, kisha anageuka kwangu kuuliza kama Papa anakula, kama Papa analala, kama Papa anakwenda msalani mwenyewe. Nikiwaambia wamuulize yeye, wananitazama kana kwamba nimewatuma wakaulize kabati. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mama ambaye huvuka kila asubuhi kumchungulia nikiwa shuleni, na kwa hilo namshukuru, alinijibu kwa methali: mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo naichukia. Aliyeitunga hakuwahi kuletewa uji asioutaka.

Basi vakansi kubwa ikafika, shule zikafungwa, jua likakaza, vumbi jekundu likapanda hadi kwenye madirisha. Siku moja nilikuwa nachambua maharage karibu na Papa, redio inaimba, nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinatembea juu ya mkono wa kiti. Si kutetemeka. Vilikuwa vinabonyeza. Kidole cha pili hapa, cha tatu pale, vinaachia, vinahama, vinabonyeza tena, sawasawa na gitaa la kwenye redio. Nimekua nikivitazama vidole hivyo, nisingeweza kuvikosea. Mkono wa kushoto ndio unaotafuta sauti kwenye shingo ya gitaa, na ule wa Papa ulikuwa haujasahau kitu. Niliacha maharage, nikaenda nyuma ya kabati kulitoa gitaa.

Lilitia huruma. Nyuzi zilikuwa na kutu, mbili zimekatika. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka vipande vipande, na chini yake ikaonekana rangi nyingine, na chini ya hiyo mbao. Mende walikuwa wamehamia kwenye tundu la waya. Mahali mkono wa Papa ulipozoea kuegemea palikuwa pamelika hadi pakawa laini kama sahani. Nikasema moyoni: wanaomwita "alikuwa" nitawaonyesha. Nitalisafisha gitaa hili, nitalipamba liwe jipya, nitamwekea mapajani, yeye atabonyeza kwa kushoto na mimi nitapiga nyuzi kwa mkono wangu wa kulia. Mbele yao. Nilitaka waone haya, sitaficha.

Kazi niliifanya kwenye baraza ya mbele, mlango wazi, Papa ndani kwenye kiti chake. Niling'oa vifungo vya sauti, nikafungua skrubu na kuziweka kwenye kopo la tomate ili zisipotee. Zile sumaku mbili zinazoshika sauti ya nyuzi, wapigaji wanaziita mikro, nilizipeleka pamoja na waya zake kwa fundi wa redio pale sokoni Bagira. Yeye alizikagua, akacheka, akasema za zamani hizi hazifi. Huyo peke yake ndiye aliyezungumza vizuri juma lile.

Rangi ya zamani ilikuwa ngumu. Nilinunua dawa ya kubandua rangi, ikaniunguza vidole viwili na kuacha rangi mahali pake. Nikafanya kama mafundi mbao wanavyofanya: nikavunja kioo cha dirisha lililokwisha pasuka, nikashika kipande kwa kitambaa, nikakwangua. Nyeusi ikatoka, chini yake nyekundu, chini ya nyekundu kahawia. Nikapiga msasa, wa kukwaruza kwanza, kisha ule laini, hadi mikono ikafa ganzi na nywele zikawa nyekundu kwa unga wa mbao. Mashimo niliyaziba kwa gundi iliyochanganywa na unga huo huo. Wapita njia walisimama kunipa akili. Mmoja aliuliza kama nalitengeneza niliuze. Mwingine alisema vizuri, itakuwa kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani, nilimuuliza, akaondoka.

Mara mbili tatu, nikiwa nimeinamia kazi, Papa aliita kutoka ndani. "We..." alisema, akakwama. Nikainuka, nikanawa mikono, nikamletea maji. Akanywa kidogo, nikarudi kwenye msasa wangu.

Mbao ilipokuwa safi nilianza kupamba. Nilikuwa na rangi za mafuta zilizobaki siku nilipochora ukuta wa darasa, na huo ukuta wazazi wote waliusifu. Nikachora sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, watatu wanaofuatana kwenye ukingo wa chini, fedha na buluu, jinsi wanavyong'aa wakitoka ziwani. Juu nikachora maua ya njano, na karibu na daraja la nyuzi nikaweka jua dogo lenye miale. Kazi ilikuwa nzuri. Nilirudi nyuma hatua tatu kuitazama, nikajipongeza kwa sauti.

Ikabaki vanishi, na hapa ndipo nilipokosea. Vanishi ya dukani ilikuwa ghali, na isitoshe inasemekana wanaiongezea mafuta ya taa. Nikakumbuka maseremala wa majeneza kwenye njia ya kupanda hospitali. Kazi zao zinang'aa hata ukajiona uso, na wanaruhusu mtu kununua chupa ndogo. Fundi hakuniuliza chochote. Alinipimia kwenye chupa ya maji, akaniambia nisivute mvuke wake. Mvuke huo uliniingia hata hivyo, macho yakachururika, nikajifunika pua kwa kitenge na kushuka barabara nikiwa hivyo. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia alikuwa anapanda na kikapu chake. Aliniona natoka kwa fundi wa majeneza, uso umeloa, kitenge puani. Mimi sikumwona.

Vumbi lilikuwa jingi mno kupaka vanishi nje. Nikafunga mlango na madirisha, nikateremsha mapazia, nikaweka gitaa juu ya viti viwili kwenye korido, nikapaka mkono wa kwanza wa vanishi. Umeme haukuwepo, nyumba ikawa nusu giza saa nane ya mchana. Papa alikuwa amesinzia kwenye kiti, nimemfunika blanketi hadi kidevuni. Sasa, vanishi ile ina harufu yake. Mtu yeyote wa mji huu anaijua, kwa sababu inaingia nyumbani pamoja na jeneza, na inakaa kwenye mapazia mpaka kilio kiishe. Mimi niliyekuwa naipaka ndiye sikuitambua. Niliona gitaa tu.

Nilikuwa jikoni naosha brashi nikasikia kilio getini. Si cha mtu mmoja. Nikadhani kuna msiba kwa jirani, nikafanya haraka kufuta mikono ili niende nikawape pole. Kumbe kilio kilikuwa kimekwisha ingia ndani mwangu. Wanawake watano, vitenge vimefungwa viunoni, walikuwa wanafanya kazi waliyoizoea: kutoa vyombo sebuleni ili kuwe na nafasi ya mikeka. Meza ilikuwa tayari iko uani. Viti vilikuwa vinapita mlangoni kwa mikono ya watu. Walikuwa wanalia na kubeba, wanabeba na kulia, hodari kabisa. Nilipofika, wawili walikuwa wameshika kiti cha Papa, mmoja huku na mwingine huku, mmoja analalamika kwamba hiki ni kizito.

Blanketi likasogea. Papa akawatazama.

"Munanipeleka wapi?" akasema.

Yule wa upande wa kushoto aliachia akakaa chini sakafuni. Mwingine alifanya ishara ya msalaba mara tatu. Kisha wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliookoka, wakashikana mabega. Jirani yangu alieleza yote: njia ya hospitali, machozi, harufu, nyumba imefungwa mchana kweupe. Nani asingeelewa hivyo? Mwenzake akasema mtu aliyeliliwa bure huishi miaka mingi, na kusema kweli walifurahi, sikatai. Ila furaha yao waliniletea mimi. Mimi ndiye waliyemkumbatia, mimi ndiye waliyempa pole na hongera kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyemgeukia mtu aliyenusurika kubebwa nje pamoja na fanicha akamwambia: Papa, utusamehe.

Damu ilinichemka. Niliwaambia warudishe meza. Niliwaambia warudishe kila kiti mahali pake, wafute na nyayo zao. Walirudisha, wakiguna kwamba mwalimu ana hasira siku hizi, ni uchovu wa kuuguza. Jirani yangu alibaki mlangoni akijisugua mikono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu kidogo. Alikuwa amekwisha mpigia simu baba yangu mdogo, kule Kalehe.

Nikampigia mara moja. Simu yake ilikuwa imezimwa, yuko njiani.

Alifika kesho yake asubuhi pamoja na wazee wawili wa ukoo na jogoo kwenye kapu. Alipomwona kaka yake ameketi anakula ndizi, alilia machozi ya kweli, akamshika kichwa, akakaa naye muda mrefu. Haki yake nampa. Lakini tulipomaliza kula, na yule jogoo wa msiba tulimla, alifuta mdomo akawageukia wazee.

"Kwa vile tumeisha kufika," alisema, "tuongee na ya mbele."

Ya mbele maana yake ilikuwa vitu vya Papa. Walivipitia kimoja kimoja, Papa yupo, kama watu wanaopanga viti vya harusi. Kiwanja kidogo cha huko nyumbani, nani alime. Koti la suti, nani linamtosha. Kisha gitaa. Baba mdogo alisema rais wa kwaya amekwisha kumpigia simu mara kadhaa. Wana kijana anayepiga vizuri na hana chombo. Gitaa linaoza nyuma ya kabati, kwaya italitunza, na kila Jumapili waumini wakilisikia watamkumbuka Papa. Ameshawapa neno, watakuja Jumapili hii baada ya misa ya kwanza. Wazee wakatikisa vichwa kwamba ni wazo la busara.

Nilimwambia mwenye gitaa ni huyu hapa, wamuulize. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi, kwamba mgonjwa hasumbuliwi kwa mambo ya namna hiyo. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Sawa. Lakini Papa alikuwepo! Alikuwa ana ganda la ndizi mkononi na hakuna aliyelipokea. Nilimtazama, nikaona kinywa chake kinafunguka, nikasema kwa haraka kabla yake kwamba gitaa bado halijakauka. Baba mdogo akasema mpaka Jumapili litakauka.

Nilikuwa na siku nne. Nikapaka mkono wa pili, wa tatu, wa nne. Vanishi ya majeneza haina haraka ya kukauka kabisa, fundi hakuniambia hilo, na kwake haina umuhimu kwa kuwa kazi zake hazishikwi sana. Kila nilipogusa gitaa, alama ya kidole ilibaki. Nililianika juani nikisimama na kanga kuzuia vumbi. Nikafuata mikro kwa fundi wa redio, akaja mwenyewe kuzichomelea, akaunganisha waya kwenye redio yetu kubwa, ikanguruma. Nikanunua nyuzi mpya. Jioni, Papa akiwa amelala, nilijifunza kupiga kwa kidole gumba, taratibu, chini juu, chini juu, nikiwaza nyuso zao zitakavyokuwa Jumapili.

Jumapili wakaja. Baba mdogo, rais wa kwaya katika koti lake, na waimbaji wawili. Waliketi. Rais alisimama, akatoa hotuba. Papa alikuwa nguzo ya kwaya, alisema. Papa alikuwa mfano kwa vijana. Gitaa hili litakuwa suvenire, kumbukumbu ya upendo wake. Alizungumza akinitazama mimi, kisha baba mdogo, kisha picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Pale kwenye kiti macho yake hayakufika.

Nikaingia chumbani, nikatoka na gitaa. Waimbaji walisema "ah" kwa pamoja, maana lilikuwa linang'aa kweli, sambaza wanaogelea, maua yamechanua. Nikapita mbele ya rais aliyekwisha nyoosha mikono, nikaliweka mapajani mwa Papa. Nikainua mkono wake wa kushoto, nikauweka kwenye shingo ya gitaa. Nikakaa karibu naye na kuweka kidole gumba kwenye nyuzi.

Papa hakubonyeza. Aliutoa mkono shingoni, akaushusha hadi kwenye ukingo wa chini, akapitisha kidole juu ya samaki wa kwanza. Kidole kikanata kidogo. Akapitisha juu ya wa pili, wa tatu, akapanda kwenye maua, akafika kwenye jua lenye miale.

"Nani," akasema. Tukangoja. "Nani aliweka hizi samaki?"

Rais wa kwaya akanigeukia, akauliza Papa anasema nini. Kabla sijajibu Papa aliinua mkono ule mzima, akamwonyesha kidole, na rais akanyamaza. Nilikuwa sijaona uso wa Papa namna hiyo tangu alipoanguka. Ulikuwa mwekundu. Alikuwa amekasirika kama zamani, nilipokuwa mdogo na nikasahau gitaa lake kwenye mvua.

"Mimi siye mutoto ya maternele," alisema. Ilichukua muda, lakini safari hii hakuna aliyethubutu kummalizia. Baba mdogo akacheka, akadhani mambo yamekuwa ya utani. Papa akamgeukia na yeye. "Na weye. Gitaa ni yangu. Siku nitakufa, mutaambiwa."

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Rais wa kwaya alikohoa, akasema bila shaka, bila shaka, hakukuwa na haraka, na kwa mara ya kwanza alisema maneno hayo akimtazama Papa machoni. Walikaa kidogo kwa ajili ya heshima, wakaaga, wakatoka mikono mitupu. Baba mdogo alirudi kutoka mlangoni, akamshika kaka yake mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. Akaenda kutafuta gari la Kalehe.

Mimi nikafunga mlango nikiwa nimejaa ushindi hadi kooni. Nilikuwa nimewaonyesha. Nikarudi nikitabasamu, nikamwambia Papa, umeona, hawatarudi tena. Hakutabasamu. Aliendelea kunitazama kwa macho yale yale aliyowatazamia wao.

"Hata weye," akasema, "haukuniuliza."

Nilimwambia nilitaka iwe zawadi. Nilitaka kumshangaza.

"Nilikuita. Mara mingi." Alipumzika. "Ukanipa maji."

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nilitoka barazani, nikakaa kwenye ngazi, nikaanza kuhesabu. Vidole vyangu vimeungua kwa nani? Nani amekesha, nani amefua mashuka, nani amewafukuza wanawake watano na ukoo mzima kwa ajili yake? Na shukrani yake ni samaki. Hesabu ile ilinichukua muda, na kadiri ilivyokuwa ndefu ndivyo ilivyonigeukia. Kwani blanketi la hadi kidevuni nilimuuliza? Kiti kile, kukitazamisha ukutani badala ya dirishani, nilimuuliza? Siku ya ukoo, alipofungua kinywa, ni nani aliyesema kabla yake? Wale wanawake nusura wambebe nje mara moja tu, tena kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa nambeba kila siku. Nyani haoni kundule, na mimi sikuliona langu, nikiwa nimeketi juu yake nawacheka wengine. Aibu ilinishika pale ngazini, mbele ya watu waliokuwa wanatoka misa ya pili wakinisalimu.

Nikainuka, nikachukua kile kipande cha kioo na kitambaa chake, nikaingia ndani. Nikakigeuza kiti cha Papa kwanza, kisha nikasimama, nikakumbuka, nikamuuliza kama anataka kutazama dirishani au hapana. Akasema dirishani. Nikavuta kigoda nikaketi mbele yake, gitaa kati yetu.

"Papa," nikasema, "mimi nitatoa yote. Unataka iwe rangi gani?"

Akafungua kinywa. Neno halikuja. Maneno yakanijia mimi, nyeusi, nyekundu, kahawia, yako tayari kwenye ulimi wangu kumsaidia, nikayameza. Nikaweka mikono mapajani. Nje mtu alipita na baiskeli yenye mzigo wa makaa, akapita mwingine, jua likahama kutoka mguu mmoja wa meza hadi mwingine. Papa alikuwa anafikiri, ametazama juu kidogo, kama mtu anayechagua kitambaa dukani na hataki kuharakishwa.

"Rangi, nitawaza," akasema mwishowe. "Lakini ile chai." Akapumua. "Unatiyaka sukari mingi. Mimi sipendake sukari."

Vijiko vitatu, kila asubuhi, tangu alipotoka hospitali.